Ukubwa wa Kidonda

Daftari la mjomba wangu lilikuwa la kurasa 40, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Watu wa Mbekenyera wanayajua madaftari hayo. Ukienda kutibiwa unakwenda nalo, tabibu anaandika humo, kisha unarudi nalo nyumbani na kulihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kupigia kura. La mjomba lilikuwa na maandishi manne kuhusu kidonda kimoja, cha unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba. La kwanza, mwezi Machi: "Kidonda mguuni. Kisafishwe, afunge kila siku." Wiki mbili baadaye, mwandiko mwingine: "Kinaendelea vizuri." Aprili, mwandiko wa tatu: "Kisafi. Aendelee." Mwishoni mwa Mei, mwandiko wa nne, wa haraka hata kalamu ikapasua karatasi: "Kidonda kikubwa, mfupa unaonekana. Rufaa."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mjomba alikuwa mkulima wa ufuta, na kisukari chake kiligundulika siku hiyo hiyo ya rufaa.

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Simlaumu hata mmoja wa wale wanne. Kila mmoja alisafisha kwa moyo kidonda alichokikuta siku yake, kwa gozi na maji ya chumvi, akakifunga vizuri. Linaloninyima raha ni kwamba katika maandishi yote manne hakuna palipotajwa kidonda kina ukubwa gani. Yule wa pili alipoandika "vizuri", alikilinganisha na nini? Hakuwa amekiona cha kwanza. Nami nilikuwepo siku mojawapo. "Shikamoo babu, kinaendeleaje?" "Marahaba mwanangu. Afadhali kidogo." Mjomba alisema kweli kadiri alivyojua, maana kidonda kile hakikumuuma hata siku moja.

Kupima kidonda, kukirudia na kukipima tena, ni kazi yenye historia ndefu. Sehemu ya historia hiyo imepita karibu sana na kwetu.

Nchi ya Wamwera, kuanzia Mbekenyera na Ruangwa hadi Nachingwea, ilikuwa wilaya moja mpaka Ruangwa ilipojitenga mwaka 1995, na vidonda vyake havijawahi kujua mpaka huo. Buba iliwashika watoto kabla hawajaingia jandoni. Ukoma ulikuwa ukijulikana na kuogopwa. Lilikuwepo na donda lile la mguu lisilofunga, ambalo Kiswahili kililipa jina la donda ndugu, kana kwamba kwa kukaa sana limekuwa mmoja wa watu wa nyumba. Funza alikuja baadaye. Si mwenyeji wa Afrika: mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilimshusha Ambriz, pwani ya Angola, na haikupita miaka 30 akawa ameshalivuka bara zima katika nyayo za wapagazi na kufika Bahari ya Hindi. Tundu la funza ni dogo kama punje ya mtama, lakini kwa mtu anayetembea pekupeku siku nzima ndilo mlango wa kila kitu kibaya.

Vita vya Maji Maji vilipofika huku, Agosti 1905, misheni ya Nyangao ilichomwa moto, kisha ikaja adhabu ya Wajerumani na njaa iliyoifuata. Majeruhi wa vijijini hawakuandikwa popote. Walijifunga kwa majani, wakapona au wakafa.

Miaka 12 baadaye ikafika huku vita ya wageni, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, jeshi la Uingereza lenye askari wengi kutoka Nigeria lilipambana na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Askari wa Lettow-Vorbeck nao wengi walikuwa Waafrika. Katika siku hizo nne upande wa Uingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Nyuma ya kila bunduki palikuwa na wapagazi waliobeba risasi, unga na wagonjwa. Jina lao lingali hai katikati ya Dar es Salaam, Kariakoo, kutokana na kambi ya kikosi chao. Walitembea bila viatu katika pori la miiba na tope, na miguu yao ikaliwa na funza, ikachubuka, ikaoza. Ni wapagazi wangapi waliokufa katika vita ile yote? Kwa upande wa Uingereza peke yake, makadirio yanaanzia zaidi ya 40,000 na kufika karibu 100,000. Pengo lililo kati ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko mji mzima. Watu wale hawakuhesabiwa, sembuse vidonda vyao kupimwa.

Sasa tuangalie upande wa pili wa vita hiyo hiyo. Katika mji wa Compiègne, kaskazini mwa Ufaransa, palikuwa na hospitali ya majeruhi iliyoongozwa na Alexis Carrel, daktari wa upasuaji aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Yeye na mkemia Mwingereza, Henry Dakin, walikuwa wakiosha vidonda kwa maji ya klorini yaliyopunguzwa makali, dawa ambayo hadi leo haijaachwa. Lakini jambo lililonifanya niwakumbuke ni karatasi. Carrel alitaka kujua kama dawa inaponya kweli au mwili unajiponya wenyewe, akaona kwamba hawezi kujua bila kupima. Basi walilaza juu ya kidonda karatasi angavu iliyotakaswa, wakaufuata ukingo wa nyama kwa kalamu, taratibu, kona kwa kona. Mchoro ule waliuhamishia kwenye karatasi ya kawaida, wakaupima kwa planimeta, kifaa chenye mkono wa chuma na kigurudumu: ncha ya mkono ukiizungusha kwenye mpaka wa mchoro mpaka irudi ilipoanzia, kigurudumu kinakusomea eneo lililozungukwa. Baada ya siku nne walirudia. Kisha siku nne nyingine.

Namba zilipowekwa kwenye grafu ziliteremka kwa mpindo laini, kama mteremko wa kilima unaoishia bondeni. Kijana mmoja wa hapo, Pierre Lecomte du Noüy, aliutafutia mpindo ule kanuni ya hesabu, na mwaka 1916 kazi hiyo ikachapishwa. Ukijua eneo la kidonda na umri wa mgonjwa, unaweza kukadiria siku kitakapofunga. Na kidonda kilipokataa kushuka kama mstari ulivyotaka, walishuku maambukizo na kuyatafuta hata kama jicho lilikuwa bado linaona nyama nzuri tu.

Hapa ndipo upimaji wa vidonda ulipopata akili yake. Siku moja ya kidonda haikwambii lolote, inabidi uwe na siku mbili, na kati yake uwe na namba. Carrel mwenyewe simpambi. Mwaka 1935 alitoa kitabu kilichotetea kuchuja wanadamu, wenye thamani na wasio nayo, na jina lake limebeba doa hilo kwa haki. Yeye aliyefundisha kwamba kila sentimita ya kidonda ina maana hakuamini kwamba kila mtu ana maana. Wakati kidonda cha mwanajeshi wa Kifaransa kilipokuwa kikichorwa kila siku ya nne, mpagazi wa Mahiwa alikuwa ameketi chini ya mwembe akiyang'oa matambara yaliyogandia mguuni.

Baada ya vita ikaja sindano. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika na misheni zilianza kuwachoma watu wa buba sindano za bismuthi, na kusini hii watu waliziendea kwa mamia. Mtoto aliyejaa vidonda usoni alirudi baada ya majuma machache ana ngozi safi. Muujiza ule haukuhitaji rula, kijiji kizima kiliuona. Penisilini ilipokuja, mambo yakaenda mbio zaidi: kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46 na kutibu watu wapatao milioni 50, na buba ikapungua duniani kwa takriban asilimia 95.

Ninaishukuru sindano. Ila naamini ilitufundisha pia tabia moja ambayo imetugharimu. Ilitufundisha kwamba kidonda hupona kwa kudungwa, mara moja, na aliyedungwa hana haja ya kutazamwa tena. Wagonjwa tulijifunza hivyo, na waganga nao wakajifunza hivyo hivyo. Kidonda kisichosikia sindano, kile kinachohitaji wiki 12 za macho yale yale, kilibaki hakina mwenyewe.

Walikuwepo waliojaribu. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji kutoka London, Leader Stirling, alifika Lulindi upande wa Masasi, akajenga hospitali kwa miti, udongo na nyasi na kufundisha wauguzi wazalendo. Mwaka 1949 alihamia Mnero, wilaya ya Nachingwea, wakati matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipokuwa yakiung'oa msitu jirani. Mradi ule ulikufa mwaka 1951. Hospitali ya Mnero ipo mpaka leo. Stirling alikuja kuwa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 Waziri wa Afya wa Tanzania. Ndanda nako alikuwepo Sista Thecla Stinnesbeck, daktari wa Shirika la Wabenediktini, na jirani yake kijiji cha wakoma cha Mwena. Wagonjwa kutoka vijiji vyetu walitembea siku nzima au mbili kufika huko. Anayetembea siku mbili kwa mguu wenye donda hawezi kurudi kila baada ya siku nne ili apimwe. Ndiyo maana zahanati zilizojengwa vijijini katika miaka ya 1970 nazihesabu kuwa hatua kubwa ya upimaji kuliko kamera yoyote, ingawa hazikuletwa kwa ajili hiyo.

Ukoma ndio uliotuonyesha shida ilipo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, yaani maumivu ni ya mwenyewe, wengine tunakisia tu. Mgonjwa wa ukoma hana hata hayo. Vijidudu vimeua mishipa ya fahamu, unyayo una ganzi, naye anatembea juu ya mwiba tangu shambani hadi nyumbani bila habari. Zamani watu waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaokula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alithibitisha kwamba vidole na nyayo vilikuwa vikiharibiwa na majeraha ya kila siku yasiyosikika: moto wa jikoni, mpini wa jembe, jiwe ndani ya kiatu. Akawafunga wagonjwa plasta ya miguu ili uzito usikandamize donda, na madonda yaliyokaa miaka yakafunga.

Tanzania ilianza kutumia dawa mseto za ukoma mwaka 1983, na mwaka 2006 nchi kwa ujumla ikashuka chini ya kiwango ambacho ukoma huhesabiwa kuwa tatizo la umma. Mkoa wa Lindi umeendelea kuwa kati ya mikoa yenye wagonjwa wengi. Dawa huua vijidudu, lakini mshipa uliokwisha kufa haurudi. Sasa kisukari kimekuja na ganzi ile ile. Ndiyo iliyokuwa katika unyayo wa mjomba alipojibu "afadhali". Maumivu ni shahidi wa kwanza wa kidonda. Shahidi huyo akinyamaza, inabidi pawepo mwingine, asiyechoka na asiyesahau.

Shahidi rahisi ni rula. Pima urefu, pima upana, zidisha. Tatizo ni kwamba kidonda si mstatili. Tuseme kina urefu wa sentimita 6 na upana wa 4, na umbo la yai. Rula itakupa sentimita za mraba 24, ilhali eneo lake halisi ni kama 19. Vidonda vyenye kingo za kupinda-pinda hukosewa zaidi. Hata hivyo rula ile ile, ikishikwa kwa namna ile ile kila mara, inaweza kuonyesha mwelekeo. Kidonda hicho kikifika urefu wa 4 na upana wa 3, mgonjwa na muuguzi watasema kimepungua kidogo, theluthi hivi, kwa sababu jicho linafuata urefu. Ukikokotoa, eneo limebaki 9 na kidogo. Limepungua nusu nzima. Jicho lilikuwa karibu kuinyima furaha hospitali nzima. Na linadanganya vivyo hivyo kidonda kinapokua.

Baada ya rula ni karatasi ya Carrel, ambayo kwa miaka mingi imekuwa plastiki angavu na kalamu ya wino usiofutika. Mchoro unalazwa juu ya karatasi ya miraba, unahesabu miraba. Kisha kamera. Madaktari walikuwa wakipiga picha za majeruhi tangu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani katika miaka ya 1860, na misheni nyingi duniani zilipenda picha za "kabla na baada" za wagonjwa wa ukoma kwa ajili ya wafadhili. Picha hizo zilionyesha, hazikupima. Mpiga picha akisogea mara mbili ya umbali wa kwanza, kidonda kinaonekana robo ya ukubwa wake. Akiinamisha kamera nyuzi 30, eneo linapungua kwa asilimia 13. Nyuzi 45, asilimia 29. Mguu nao ni mviringo, na donda lililozunguka kifundo linajificha nyuma ya upeo wa picha.

Kwa hiyo kazi ya miaka 30 iliyopita imekuwa kuifanya picha ijue umbali. Wales, katika miaka ya 1990, watafiti walitengeneza chombo kilichomulika mistari ya rangi juu ya kidonda: mistari ikipinda, kompyuta inasoma kina cha shimo kutokana na mpindo wake. New Zealand, katika mji wa Christchurch, ikatengenezwa kamera ndogo yenye mistari ya leza kwa kazi hiyo hiyo. Halafu simu. Programu nyingine zinataka ubandike karibu na kidonda kibandiko chenye ukubwa unaojulikana na rangi zinazojulikana, ili simu ijirekebishe umbali na mwanga kwa pamoja. Tangu 2020 zipo simu za bei kubwa zenye kihisi cha leza kinachopima umbali wenyewe. Programu inauchora ukingo kama mkono wa Compiègne ulivyouchora, inahesabu eneo, na kugawa rangi: nyekundu ya nyama changa inayojenga, njano ya utando uliooza, nyeusi ya nyama iliyokufa. Kanada kuna chombo kinachomulika mwanga wa zambarau, na makundi ya bakteria wengi wa vidonda yanang'aa mekundu gizani.

Kwetu kuna jambo la rangi ambalo haliwezi kupitwa haraka. Vitabu vilituambia kwamba maambukizo huanza na wekundu kuzunguka kidonda. Katika ngozi ya Mmwera au Mmakonde wekundu huo hauonekani hivyo. Ngozi inakuwa nyeusi zaidi, inang'aa na kukaza, inapata joto, na muuguzi mzoefu anaitambua kwa mgongo wa kiganja. Kamera je? Kwa miongo kadhaa Kodak ilirekebishia rangi za filamu zake kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi zikatoka kama vivuli. Kompyuta zinazofundishwa kuchora vidonda nazo hujifunza kutoka kwa picha zinazopewa. Shindano kubwa la mwaka 2020 la kutambua vidonda vya miguu ya kisukari lilitumia picha 4,000 zilizotoka hospitali za Lancashire, Uingereza. Ni kazi nzuri, na waandaaji wake waliitoa wazi kwa watafiti wa dunia nzima. Ila mashine iliyosomea Lancashire ikiletwa Ruangwa inapaswa kufanyiwa mtihani upya, kwa miguu yetu, yenye mipasuko ya jembe na madoa ya mafuta ya maganda ya korosho, chini ya balbu yetu inayopepesa. Kuiamini kabla ya hapo ni kurudia kosa la filamu.

Faida ya yote haya iko wapi? Mwaka 2003 Peter Sheehan na wenzake, Marekani, walifuatilia wagonjwa 203 wa vidonda vya miguu vya kisukari. Walipima eneo siku ya kwanza na wiki ya nne. Waliopungukiwa na zaidi ya nusu hivi ya eneo katika wiki hizo nne, asilimia 58 walipona kufikia wiki ya 12. Waliopungukiwa na chini ya hapo, asilimia 9 tu. Maana yake ni kwamba wiki ya nne muuguzi ana jibu mkononi. Kidonda kisichofika nusu hakiandikiwi "aendelee". Mgonjwa anapimwa sukari, mishipa ya damu inaguswa, mfupa unachunguzwa, mguu unapunguziwa uzito, rufaa inaandikwa. Nimeuhesabu mwezi wa Machi wa mjomba wangu kwa kidole kwenye kalenda. Wiki ya nne ilikuwa kabla ya yule wa tatu kuandika "Kisafi."

Nchi yetu haijalala. Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas amefanya kazi ya mguu wa kisukari kwa miaka mingi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi uitwao Hatua kwa Hatua ulifundisha daktari na muuguzi wawili wawili, kutoka hospitali za mikoani, warudi kwao wakiwa pamoja. Ujumbe wao ulikuwa ule ule kila mahali, kwamba wagonjwa wanafika wamechelewa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika kazi ya ngozi, na picha za magonjwa hutumwa kutoka mbali ili wataalamu wazione. Na bila mradi wowote, wauguzi wa vijijini wanapiga picha kwa simu zao wenyewe na kumtumia daktari wa wilaya kwenye WhatsApp usiku, kwa bando walilonunua wao. Nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini picha hiyo mara nyingi haina rula pembeni, haina tarehe, na kesho yake imezama chini ya salamu za kikundi. Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa, tunavyovijua tangu miaka ya 1990, vinauliza jina, umri, kijiji na ugonjwa. Kwenye safu ya ugonjwa linaandikwa neno "kidonda", basi.

Kuna na heshima ya mtu. Kidonda kinaweza kuwa pajani au kwenye titi. Wagonjwa wa ukoma wa zamani walipigwa picha wakiwa uchi hadi kiunoni bila kuulizwa, na sura zao zikazunguka Ulaya. Leo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya kidonda chako ni taarifa yako ya afya. Muuguzi anayeomba ruhusa, anayefunika uso, anayefuta picha kwenye simu yake baada ya kuihifadhi panapostahili, anafanya tiba kama anayesafisha usaha.

Mwaka huu ni zamu ya shangazi. Sukari yake imejulikana mapema, na donda lake liko kisigino cha kushoto. Safari hii nilikwenda naye tangu siku ya kwanza. Muuguzi alifungua pakiti ya gozi, akachukua upande wa plastiki angavu ambao haujaguswa na kitu, akaulaza juu ya donda na kuufuata ukingo kwa kalamu ya wino mweusi, mkono wake ukisimama kila kona. Shangazi aliinama akaangalia, maana hasikii kitu kule chini. Plastiki ile tuliilaza kwenye daftari la hesabu la mjukuu wake, lenye miraba ya nusu sentimita, tukahesabu pamoja. Mraba ulioingia zaidi ya nusu tuliuhesabu, ulioingia chini ya nusu tuliuacha. Miraba 31. Kisha alishika rula ya shule kando ya kisigino na kuniambia niisimamishe simu wima juu ya donda, nisiinamishe, nipige.

Wiki ya pili miraba 27. Usiku ule sikulala. Muuguzi alimtengenezea ndara iliyokatwa sehemu ya kisigino isiguse chini, akampigia simu tabibu wa wilaya kuhusu dozi ya dawa ya sukari, akaandika vyote viwili kwenye daftari chini ya namba.

Wiki ya nne, 14. Shangazi alitaka kuhesabu mwenyewe. Alihesabu mara mbili, kidole kwenye kila mraba, midomo ikitembea. Jumatatu ijayo ni wiki ya sita, na daftari lipo juu ya kabati, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.